Usianze na Kitabu cha Kwanza

Usianze na cha kwanza. Humo mwandishi
alikuwa bado anamtafuta Inspekta Kitunga:
goti halijaanza kumuuma, karanga hatafuni,
na muuaji unamjua kabla chai haijapoa.
Anza na cha tatu. Muznah atakwambia vivyo hivyo,
naye ni muuguzi wa zamu ya usiku, sumu anazijua.
"Mle dozi ni sahihi," husema,
"na mtu anakufa kwa muda wake, haharakishwi."
Lakini usikisome mbele yake.
Yeye huanza na ukurasa wa mwisho,
kisha hukaa akitazama uso wako unavyohangaika.

Cha tano kina ugomvi. Lali hataki kukisikia.
(Kibanda ni chake hiki, hapa Langoni,
redio zimetolewa matumbo mpaka kizingitini.)
Ati redio ya betri mbili irushe ujumbe ng'ambo ya mlima!
"Mwandishi angeniuliza," hulalama,
kana kwamba mwandishi hupita hapa kununua fyuzi.
Shekuwe wa cherehani hukitetea kwa kitu kimoja tu:
kifungo cha koti, ukurasa wa themanini,
kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.
Siku ile walibishana hata punda wa mchanga
akasimama kichochoroni, akakataa kupita katikati yao.

Cha sita ruka.
Au kisome, ila usinilaumu.

Utakuta maandishi ya penseli pembeni.
Ni ya Bwanadi, msoma mita wa maji.
Alizisoma mita za Mkomani yote, nyumba kwa nyumba,
akajua nani kapata mgeni, nani anafua zulia usiku,
na vitabuni hakumpata muuaji hata mmoja.
Kila mara alimshuku mpishi.
Cha pili: MPISHI, na mistari miwili chini yake.
Cha nne: yeo ni mpishi, naapa.
Cha tano hakina mpishi. Akaandika:
"Na chakula hiki kapika nani? Mtafuteni."
Tulimcheka. Faini yake ilikuwa kashata,
akalipa kitabu baada ya kitabu, bila kinyongo.
Alipokosa cha nane alikifunga polepole,
akasema, "Basi. Wapishi wa dunia, niwieni radhi."

Cha tisa nitakupa kwa mkono wangu,
wala sikiandiki katika daftari la maazimo.
Ukurasa wa mia na kumi na mbili pana tiketi
ya boti ya Mokowe, ya kwenda.
Figo zilikuwa zimemchosha, wanampeleka Mombasa,
kitabu akamwachia Lali: "Nitunzie ukurasa wangu."
Kando ya tiketi penseli imeandika, hafifu,
mkono umeshaanza kutetemeka:
"Safari hii nimejifunza. Si mpishi."

Mimi sisemi kitu. Mwiko wetu unaujua,
mwisho wa kitabu hautamkwi barazani.
Nakuomba tu ukisome siku huna safari wala mgeni.
Muznah alikirudisha asubuhi, hakutabasamu.
Shekuwe alikimalizia hapa hapa, akaomba maji,
akayashika, hakuyanywa.
Lali alikuwa na chuma cha kulehemu mkononi;
hiyo alama nyeusi mezani, ndiyo hiyo.

Ukimaliza usije mbio ukipiga kelele.
Njoo tu. Tutakusogezea redio moja upate pa kukaa.
Kipo cha kumi, kipo cha kumi na kimoja,
Lali anakipenda hiki na Shekuwe kile,
nawe utachagua adui wako.
Tiketi irudishe palepale,
mia na kumi na mbili, uso wake juu.
Na penseli, tafadhali, niachie mimi.