Ratili Mbili

Mbele ya mnara wa saa wa Mbale
tunagawiwa vipokea-sauti, na kadi yenye jina.
Langu ni la mwanamke: Hansa, miaka thelathini na miwili.
"Leo wewe ndiye huyu," asema Khainza, kiongozi wetu,
binti wa raba nyekundu na sauti isiyo na haraka.
"Una siku tisini. Twende."

Tunakwenda.
Sikioni mtu anasoma tangazo la redio, kisha cherehani,
kisha mtoto anauliza kama paka naye ana pasipoti.
Vijana wawili wa chuo wanacheka, halafu wananyamaza.
Wanale imevaa ukungu hadi kiunoni
kama mtu aliyeamka na hajaamua kuoga.

Barabara ya Naboa. Kituo cha tatu, cha nne.
"Tazameni juu," nasi tunainua shingo:
juu ya bango la magodoro, juu ya bango la simu,
herufi za saruji zilizopakwa rangi mara saba
na bado zinasomeka: K. RAICHURA 1949.
Khainza anasema mlango ulivunjwa usiku,
majirani wakatazama.

Hatukutazama tu, binti yangu.
Ila sauti ya sikioni haingoji jibu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Kila Jumamosi mama alinituma chumvi pale,
na Raichura alinihesabia chenji kwa Kiswahili cha mizani:
moja, mbili, tatu, haya, na kidogo cha mama.
Asubuhi ile mlango ulikuwa umelala chini kama mgonjwa.
Baba alibeba majora mawili ya kitambaa.
Mwalimu wetu wa Jumapili alibeba kiti, akarudia cha pili.
Mizani ilinishinda,
nikachukua jiwe lake moja la shaba, ratili mbili.
Hansa sikumwona.
Niliona kandambili moja ngazini.

Kituo cha sita ni kizuizi:
mapipa mawili, ubao, kijana aliyeazima buti kubwa.
"Simama! Toa vyote! Weka chini!"

Kiswahili.
Ziara nzima ilikwenda kwa lugha nyingine,
na hapa tu, penye kufoka, ndipo ikahitajika hii.
Siwalaumu. Wengi kwetu waliisikia kwanza
ikitoka nyuma ya bunduki, na wengine
hawajaisamehe hadi leo.
Mimi ninayo na ile nyingine, ya kidogo cha mama,
na sina wa kuzungumza naye.

Simu, funguo, pochi, shanga za mtu, vyote mkekani.
Mkono wangu unazama kwenye koti.
Miaka hamsini na kitu limezuia mlango wangu wa jikoni,
leo nimetoka nalo, sijui kwa nini,
pindo la koti likining'inia upande mmoja njia nzima.
Naliweka.
Linatoa mlio ambao simu haitoi.

Kijana wa buti anasahau maneno yake.
Khainza anachuchumaa, analipima kiganjani,
analigeuza, anaiona R iliyokwaruzwa kwa msumari.
"Mzee," anasema,
kwa Kiswahili cha kupapasa, kama mtu atafutaye swichi gizani,
"hili lilikuwa la nani?"
Naitazama kadi yangu
kana kwamba nimeandikiwa humo la kujibu.

Baadaye tunarudisha vipokea-sauti kapuni.
Anavihesabu. Vimetimia.
Kurudisha kitu ni rahisi
pakiwa na kapu, na mtu wa kuhesabu.

Jiwe limo mfukoni tena. Hakulikataa; sikumpa.
Upepo umeanza kushuka kutoka Wanale,
na huko nyumbani, najua,
mlango unagonga.