Tiketi ya Tano

Mara ya kwanza tulikuwa kumi na wanne
ukimhesabu bawabu.
Nilikuwa nimefuata kioo cha bafu, Ngara,
na juu ya duka la vioo, ghorofa ya pili,
Ombasa alikuwa anapiga ngoma kubwa
na bidhaa yote ya chini inamjibu.
Nikapanda ngazi niwaambie wapunguze.
Nikasimama mlangoni, kioo kifuani,
uso wake ukiwaelekea wao,
na saa mbili baadaye mikono ilikuwa imekufa ganzi
na sijakiweka chini.

Jina lao Kutu.
Gitaa la Kilonzi lina sauti ya bati
linaloburutwa juu ya lami,
na ndani ya bati hilo Saisi analia
kwa adabu, kama mtu aliyeomba ruhusa.

Mara ya pili, ghala la sabuni, Viwandani.
Stima ikapotea katikati ya wimbo.
Gitaa zikafa papo hapo, ngoma haikufa.
Ombasa aliendelea peke yake gizani
dakika tano, sita, sijui,
tukinusa magadi na jasho la wenzetu,
na mtu nisiyemjua akanishika bega
asianguke. Au nisianguke mimi.

Kazi yangu ni kuchonga meno ya bandia.
Mara ya tatu nilimdanganya daktari nina mazishi
nikaenda Ngong, uwanja wa mbio za farasi,
wakapiga saa nane mchana, matope hadi vifundoni,
mbele ya wauza soseji na mahema matupu.
Nilipiga makofi hadi wauza soseji wakanionea aibu.
Meno ya mzee mmoja wa Kariokor
yalilala kwenye plasta siku mbili zaidi,
naye akala uji. Mungu anisamehe.

Jumapili sauti yangu ya alto ilikuwa changarawe.
Dada yangu Mkawasi akaninong'oneza kwenye benchi:
"Niambie tu. Ni mwanamume yupi kati yao?"
Nikamwambia, ni pale wanaponyamaza
kabla ya ubeti wa mwisho.
Akafungua kitabu cha nyimbo, akanihama kidogo.

Mara ya nne Ombasa hakuwapo.
Amekwenda Doha, walisema, analinda ghala.
Kiti chake amekalia kijana wa chuo,
mikono safi, anajua kila kitu
isipokuwa kuchelewa.
Ombasa alikuwa akichelewa, kidogo tu,
kama mtu anayefunga mlango
huku akitazama aliyebaki ndani.
Kijana alifika kila pigo kwa wakati wake.
Nililia kwa sababu hakukosea.

Ya tano, Westlands. Elfu tatu na mia tano.
Mkanda wa karatasi mkononi, taa za zambarau,
vijana wanaojua wimbo mmoja
wakapiga gumzo nyimbo nyingine zote.
Msichana akaniinamia: "Mama, umemleta nani?"
"Nimejileta," nikasema,
lakini gitaa lilikuwa limeanza
akaitikia kwa kichwa tu, kwa heshima.

Nyuma, penye mapipa, Saisi alikuwa anabeba spika.
Mvi zimemwingia. Akanitazama,
akaiweka spika chini.
"Wewe ndiye wa kioo."
Kisha: "Usiku ule tulikuwa tumeamua ni mwisho.
Nikaona watu wanne pale mlangoni wanapiga kama vichaa,
nikasema, hawa nao ni nani, mbona wazuri."
Akacheka. Nami nikakosa neno,
nikamsaidia kubeba waya.

Sasa ni saa tisa usiku, Pangani.
Sikio halilali na njaa, lakini langu limevimbiwa,
linavuma kama friji.
Kioo kile kile, pembe yake imemeguka.
Ndani yake mwanamke wa miaka arobaini na sita,
povu mdomoni.
Nagonga sinki kwa mswaki:
moja, mbili, tatu,
nasubiri, nasubiri kupita inavyofaa,
Mkawasi anagonga ukuta nilale,
nne.