Sarafu ya Mia Mbili

Alfajiri, Tukuyu. Mvua haijaamua kunyesha
wala haijaamua kuacha,
na mimi, karani wa mizani kituo cha majani mabichi,
nimesimama mezani kwa Subilaga
na sarafu moja ya mia mbili kiganjani.
Kushoto vitumbua, kulia maandazi.

Mshika mbili moja humponyoka;
mwenye mia mbili hana hata cha kumponyoka.

Usinicheke. Kiangalie kwanza kitumbua:
mchele wa Kyela ulilala majini tangu juzi,
ukatwangwa, ukatiwa hamira na iliki,
ukaumuka usiku kucha kando ya jiko
kama mgonjwa aliyeanza kupumua vizuri.
Sasa kinageuzwa kwa spoku ya baiskeli
na mgongo wake una vitundu, vitundu,
kama lile jiwe jepesi la mlimani
tunalosugulia visigino.
Kimwagie asali ya Chunya, nyeusi, yenye harufu ya moshi:
haikai juu. Inahamia ndani
kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima,
na ukichelewa kuuma
inatokea chini, inakufuata hadi kwenye kiwiko.

Andazi halina vitundu. Andazi lina chumba.
Ukilivunja kona linakupumulia usoni,
halafu kimya, linangoja ulichonacho.
Mimi ninacho: parachichi
lililokataliwa na wanunuzi kwa ajili ya kovu la ganda,
kovu dogo tu, kama la tetekuwanga.
Nalibonda na chumvi, ndimu, pilipili kichaa moja,
nalisukuma chumbani kwa kijiko,
naziba mlango kwa kidole.
Hapo sijui tena kama nakula au najenga.

Nyuma yangu foleni imeanza kutoa ushauri.
Ambakisye wa bodaboda anasema andazi ni la kuchovya,
lichovywe kwenye chai hadi nusu izame,
kisha livuliwe kama kambare.
"Huo ni uji," anasema Sanga wa duka la vipuri,
ambaye hutembea na kopo lake la karanga za kusaga
mfukoni mwa koti
na hajawahi kumwonjesha mtu.
Mwalimu Tuntufye anataka siagi, siagi tupu,
iliyoyeyuka, lakini siyo sana.

"Na wewe mama, unakula kipi?"
Subilaga hainui hata uso:
"Mimi? Ndizi za jana, na maziwa mgando.
Haya mafuta yenu nayajua."

Kazini huwa sisiti.
Natoa kilo mbili, moja ya kapu, moja ya umande,
wanawake wananung'unika, naandika, njoo mwingine.
Miaka tisa nimewakata watu kilo bila mkono kutetemeka,
leo unga wa ngano na unga wa mchele vimenishinda.

"Karani," anasema, "makaa yanaisha."

Nikachukua kitumbua.
Akakifunga kwa karatasi ya daftari la mtoto:
saba mara nane, hamsini na nne,
kosa, wino mwekundu,
na doa la mafuta likilila jibu taratibu.
Nilikimaliza kabla ya darajani,
na kutoka hapo hadi kituoni, dakika kumi nzima,
nililifikiria andazi
kama mtu anavyolitafuta jina alilolisahau.
(Jana nilichukua andazi. Usiniulize njia ilikuwaje.)

Mama wa kwanza alishaning'iniza kapu lake.
Nikajilamba asali ya kiganjani, nikashika kalamu.
Mshale ukayumba huku, ukayumba kule,
na leo, sijui kwa nini,
sikuuharakisha.