Tatu, Mbili

Jumatatu nilihama.
Si nyumba; bado nalala Chikongola,
chumba kile kile, bati lile lile linalobishana na upepo.
Nilihama mashine. Ile ya zamani, iliyong'oka herufi N,
niliizima, nikaifunika gazeti,
nikafungua mpya, na ndani yake karakana mpya ya kuundia programu,
safi, yenye weusi unaopumzisha macho,
kila zana imening'inia mahali pake.

Nikakijenga upya kiongezi changu,
kijisehemu kinachojibanza ubavuni mwa barua pepe
na kumpa Bi Somoe kitufe kimoja cha kijani: GHALANI.
Akikibonyeza, barua za vyama vya msingi,
Nanyamba, Kitaya, Mahuta,
hujipanga zenyewe, kilo kwa kilo, daraja kwa daraja,
mpaka orodha ya mnada.

Karakana ikasema: imejengwa, makosa sifuri.
Bi Somoe akafungua barua pepe.
Kitufe hakipo.

Hakuna ujumbe. Hakuna hata alama nyekundu.
Kimya kingi kina mshindo, tuliambiwa;
hiki kilikuwa kimya kitupu, kama ghala la korosho mwezi wa Mei.

Nikashuka kwenye sajili, chini kabisa,
ambako kila kiongezi kina kadi yake
na kwenye kadi kuna tarakimu:
tatu, yaani mwite kila asubuhi;
mbili, yaani aliitwa, akaanguka, usimwite tena.
Yangu ilisoma mbili.
Nikaandika tatu.
Nikafungua barua pepe, nikafunga, nikarudi:
mbili.
Tatu.
Mbili.
Saa saba umeme ukakatika, hapa hapa kwenye mji wa gesi.
Feni ikazunguka kwa mazoea hadi ikachoka,
nami nikabaki nimeishikilia tatu yangu.

"Umehama na vyote?"
Bi Somoe hakuinua macho; alikuwa ananakili kwa kalamu,
barua arobaini na moja, mnada Ijumaa.
"Mimi nilipohama Magomeni nilisahau mbuzi ya nazi.
Siku nne tunakula mchuzi usio na tui,
kila mtu kanuna, hakuna anayesema kwa nini."
Nikajibu kwa ujuvi: hii ni kompyuta, Bi Somoe.

Umeme ulirudi saa kumi kasorobo.
Nikaitafuta ile swichi iliyofichwa,
inayoiamuru programu ya barua isimeze makosa yake.
Nikaiweka sifuri. Usinyamaze. Sema.
Ikasema, mstari mmoja, bila hata shikamoo:
faili halikupatikana, VipimoGhala.

VipimoGhala.
Nililitazama jina kama mtu aliyekutana na mwenzake wa darasa la pili.
Kifaili nilichokiandika mwenyewe, mwaka ule wa mvua nyingi,
mistari sitini ya kugeuza magunia kuwa kilo,
unyevu umetolewa, uzito wa gunia umetolewa,
nikakiweka nje ya folda ya kazi,
kesho nitakipanga.
Mashine ya zamani ilijua kilipo bila kuulizwa,
kama miguu inavyojua ngazi iliyobomoka.
Na miaka yote hiyo
nilidhani ni mimi ninayejua.

Nikaondoa gazeti. Ikachukua dakika sita kuamka,
inakohoa.
Nikakinakili kifaili. Nikajenga. Nikaandika tatu.
Nikafungua, nikafunga, nikarudi.
Tatu.

Kitufe kikakaa pale, kijani,
kama hakijawahi kwenda popote.
"Bi Somoe, tayari."
Alikuwa amemaliza ya thelathini na nane.
Akakitazama kitufe, akaitazama kalamu.
"Zimebaki tatu," akasema.
"Ngoja nimalizie."