Chai Imepoa

Waliniajiri nipulize saksafoni nyuma ya pazia,
dakika nne kila usiku, kabla ya tendo la tatu,
katika jumba dogo la tamthilia mjini Wrocław.
Februari. Mto Odra umeganda kingo zote mbili.
Malipo yalitosha kodi na mkaa.
Nilidhani mimi ndiye niliyewapelekea kitu.

Bogumiła alikuwa na mstari mmoja nilioungoja.
Mume anaingia, theluji mabegani, miaka sita hayupo,
naye, bila kuinuka kitini, anasema:
"Chai imepoa."
Basi. Maneno mawili.
Mimi hapo ningetia noti arobaini.

Usiku wa kwanza aliyasema kama anayefunga mlango.
Wa tano, kama anayetafuta ufunguo.
Wa tisa alinyamaza, kimya kirefu, hata nikameza mate
nikijua amesahau. Kumbe alikuwa akitazama
viatu vya Seweryn, ambavyo kweli vilikuwa vimelowa,
na maneno yalipotoka, yalikuwa yakivihurumia viatu.

Nikamuuliza ngaziniː unapangaje?
Alikuwa akijifuta rangi usoni kwa pamba.
"Sipangi. Namsikiliza anavyoingia."
Kisha, kwa upole unaokata:
"Na wewe, ile noti yako ya juu kabisa,
huwa unamwambia nani?"

Sikuwa na jawabu. Tramu mbili zikapita.

Miaka ishirini na miwili natembea na mfuko wa vijisauti:
hiki nilikiiba Łódź, hiki nilikifanyia mazoezi
mpaka jirani akagonga ukuta kwa kiatu,
hiki huwapendeza watalii.
Ngoma ikisema, mkono wangu uko mfukoni, unachagua.
Besi ikiuliza, nimeshajibu swali la juzi.
Kuimba kupokezana, husemwa.
Mimi nilipokea nini, lini, kutoka kwa nani?

Halafu ukaja usiku wa kumi na saba.
Kijana wa vifaa, sijui alikuwa na mawazo gani,
alimimina chai ya moto.
Mvuke ukapanda kwenye mwanga wa taa, mweupe, dhahiri,
ukumbi mzima unauona.
Nyuma ya pazia nilishika kichwa.
Seweryn akaingia. Bogumiła akagusa kikombe,
akaungua, hakuuondoa mkono.
Akamtazama mume wake wa uongo
akasema, polepole,
"Chai imepoa."

Na sote tukaelewa kwamba ameipasha moto
kila jioni, miaka sita,
na kwamba hatamwambia kamwe.
Mwandishi hakuwa ameliandika hilo.
Mwanamke mmoja safu ya mbele alitoa sauti
ambayo sijawahi kuipata kwenye ala yangu.

Ijumaa, kwenye baa yetu chini ya duka la miwani,
niliacha mfuko nyumbani.
Nasema hivyo; mfuko haukubali kuachwa upesi.
Ludwika akaanza na besi, noti tatu, akasita.
Mdomo wangu ukakimbilia jibu. Nikauzuia.
Nikatazama vidole vyake: kimoja kina plasta.
Gracjan akapunguza fagio juu ya ngoma, shwaa, shwaa,
akinitupia jicho, kama kwamba nimezimia.

Nikaingia nikitoka mahali fulani, nje, barafuni,
nikiwa na neno kwa mtu mmoja tu.
Na mwanzi ukanisaliti: ukalia kama bawaba kavu.
Zamani ningeufunika kelele ile kwa mbio za noti.
Safari hii niliishika.
Iliunguza. Sikuuondoa mkono.
Nikairudia, makusudi, chini kidogo,
na Ludwika akacheka kwa sauti, akaijibu.

Nilipiga noti kumi na moja kwa jumla.
Mwenye baa akaniuliza kama naumwa.
Nikamwambia niko mzima, ila nilikuwa nazungumza na watu.
Akaniletea chai.
Ilikuwa imepoa kweli, na nilikunywa yote.