Legeza Kamba

Mwaka jana walikuja wanaume wanne na kamba ya mkonge,
wakamfunga Kashata mdomo na miguu
kama mzigo unaosubiri meli.
Chanjo ilimwingia, sikatai.
Lakini hofu nayo ilimwingia kwa tundu lile lile,
na hofu haiandikiwi kwenye kadi tarehe ya kwisha.

Tangu siku hiyo, hata kamba ya kuanikia nguo
humpeleka uvunguni, mkia tumboni.
Hukojoa kidogo, kisha huniangalia kwa aibu.
Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka;
huyu wangu aliumwa na unyasi wenyewe.

Tangazo likapita tena Makorora, spika juu ya bajaji:
kichaa cha mbwa, Jumamosi, ofisi ya mifugo Chumbageni, bure.
Nikahesabu siku: kumi na mbili.
"Kashata," nikamwambia, "safari hii hatuburutani."

Mimi nina sukari. Kila alfajiri najichoma tumboni,
kwa hiyo bomba za sindano kwangu si adimu.
Nilichukua moja, nikaing'oa ncha, nikaiosha,
nikailaza sakafuni kando ya sahani yake.
Siku ya kwanza hakula.
Ya pili alikula jicho moja likiwa kwenye bomba.
Ya tatu nilimgusa nayo begani: dagaa.
Ya nne nikamfinya ngozi ya shingo: dagaa.
Ya tano mvua, na miguu yangu ilivimba, hatukufanya kitu.
Ya sita alikuwa amesahau yote, tukaanza a, e, i, o, u.

Jirani yangu Bi Mwanahawa alichungulia,
akaikusanya kanga yake isiguswe na najisi:
"Felisita, umeishiwa wajukuu?"
Kesho yake akaleta vichwa vya dagaa kwenye gazeti,
akavirusha kutoka mbali.

Jumamosi nilikokota baiskeli ya marehemu,
Kashata akitembea upande wa kivuli chake.
Uwanja ulishajaa: watoto na mbwa,
mbwa wa minyororo, wa nyaya, wa mikanda ya suruali,
mmoja amebebwa ndani ya tenga la machungwa.
Tulijibanza nyuma ya tangi la maji, tusione, tusionwe,
mpaka namba yetu ilipoitwa.

Daktari Semng'indo, binti mdogo, viatu vya mpira,
hakumtazama Kashata machoni.
Alichuchumaa ubavuni pake, kimya,
akanitazama mimi.
"Mama, legeza kamba.
Woga hupita kwenye kamba kama umeme."

Ndipo nikaiona mikono yangu:
kamba imezungushwa mara tatu kiganjani,
vidole vimekufa ganzi.
Nikalegeza kimoja. Na kingine.
Kashata akashusha pumzi, na sijui
ni nani kati yetu aliyetangulia.
Akalamba dagaa mkononi mwangu,
sindano ikaja, ikaenda,
naye bado anatafuta kichwa kilichoangukia kwenye majani.

Karani akauliza bila kuinua uso:
"Mmiliki?"
Kwenye kadi ya zamani lilikuwepo jina la Mhina,
aliyelinda ghala la mkonge na mbwa huyu mlangoni,
tuliyemzika Muheza mwezi wa tatu.
Nikakawia. Nyuma yangu foleni ikakohoa.
"Andika Felisita," nikasema,
na kalamu yake haikutetemeka hata kidogo.

Usiku ule Kashata alilala amenipa mgongo,
amenuna kama mtu aliyekopwa.
Alfajiri nikapandisha blauzi, nikabana tumbo.
Kabla sijamaliza kuhesabu vipimo, pua baridi gotini:
amekaa wima, udenda unamtoka,
anaitazama sindano yangu
kama mgeni aliyealikwa.

"Dagaa wamekwisha," nikamwambia.
Akasubiri.