Sitaki

Siku ya kwanza nilimletea dagaa.
Akanusa, akarudi nyuma hatua mbili
kama mkulima asomaye mizani asiyoiamini,
akakaa, akajizungushia mkia.

Siku ya pili, firigisi ya kuku.
Siku ya tatu nikamwagiza Mnali, utingo wa basi la Mtwara,
kichwa cha changu. Kikapanda mlima wote huu
ndani ya ndoo ya barafu, chini ya kiti cha mtu,
kikafika Kitangari kina macho maangavu kuliko yangu.
Nikachokoa shavu kwa kidole,
ule mnofu mdogo ambao nyumbani huwekewa mgeni,
nikamnyooshea kiganjani.
Akanusa. Akapiga chafya.

Shamte, mtoto wa jirani, ndiye aliyempa jina.
"Babu, huyu anaitwa Sitaki."

Sitaki wangu, mwembamba kama ufito.
Panya wa stoo wamekwisha kumzoea, wanampita na salamu.
Nilimpima kwenye mizani ya korosho:
kilo mbili kasorobo, pamoja na kiburi.

Nimembembeleza. Nimemtukana.
Mwenye njaa hana miiko, nikamwambia,
waliosema hivyo wewe hawakukujua.
Nimetafuna ming'oko mbele yake, nikilamba midomo kwa makelele,
mtu mzima mimi, nina mjukuu wa darasa la tatu.

Ndipo akaja Binti Chinduli kukodi pampu yangu.
Akatazama sahani, akamtazama paka.
"Lete mkono."
Akaunusa kama mtu anusaye samaki wa jana.
"Unanuka salfa mpaka ndani ya kucha.
Hata mimi nisingekula hapo."

Miezi miwili napuliza mikorosho ya watu:
pampu mgongoni, kitambaa puani,
unga wa njano unapanda kwenye maua
na nusu yake inarudi kunishukia mimi.
Iko kwenye kola, kwenye chai, kwenye mto ninaolalia.
Mwenyewe siisikii.
Nani husikia harufu ya kazi yake?

Maji hapa si ya kuchezea.
Dumu huja kwa pikipiki, linapokewa kama mgeni,
na mimi hunawa kwa kata moja,
yanayobaki namwagia mpapai.
Jioni ileile nilifungua dumu zima.
Nikanawa kwa sabuni ya mche, nikanawa kwa majani ya mlimao,
nikasugua kucha kwa gunzi.
Maji yakatoka ya njano, halafu ya kijivu,
halafu yakawa maji,
nami nahesabu shilingi zikizama mchangani.
Kichwa cha samaki kilikuwa rahisi.

Nikakaa chini. Nikanyoosha kiganja.
Usoni hakunitazama.
Alikagua mkono, kidole na zamu yake,
akarudia gumba.
Kisha ulimi: msasa mdogo, wenye joto.

Na hapo, sijui kwa nini, nikamwona Somoe,
ana miaka minne, mkekani,
midomo ameifunga kama pochi,
mimi namsogezea tonge, yeye anageukia mkono wa mama yake.
Nilisema mtoto huyu ana maringo.
Nilisema mama yake kamdekeza.
Usiku mmoja nikampiga kofi, kwa sababu ya tonge la kisamvu.
Nilikuwa nimetoka shambani.
Ilikuwa Julai.

Sasa yuko Masasi, anauza vitenge, ana watoto wake wa kuwalisha.
Simu ninayo mfukoni, ina chaji, ina vocha.
Nianzie wapi?
"Mwanangu, leo nimenawa"?

Sitaki amemaliza shavu la kushoto.
Ananikodolea macho kama mdai.
Kuna la kulia.